Msomaji Niliyemfuta

Nilimfuta baba yangu asubuhi ya Jumanne, kikombe cha chai mkononi, nikiwa na haraka zangu. Sikujua kuwa ni yeye. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu baadaye, na ni kweli, ila ukweli wenyewe haunisaidii kitu. Nilikuwa nasafisha orodha ya watu wanaopokea jarida langu la barua pepe, na programu ninayoitumia ilikuwa imewatenga wale ambao, kwa macho yake, hawakuwa wamefungua barua hata moja kwa miezi sita. Juu ya orodha kuna kisanduku kidogo. Ukikiwekea tiki kinawachagua wote kwa mkupuo. Nikaweka tiki, nikabonyeza futa, programu ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Baba alikuwa humo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba jarida hilo lilianza kama barua ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa yeye. Mimi nilikuwa karani kwenye ghala la alizeti hapa Singida Mjini. Baba alikuwa kijijini Mitundu, na mizinga yake ya nyuki na shamba lake la mahindi. Simu ya kuongea hakuipenda. Alikuwa akiishika anapaza sauti kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya shamba, anauliza mvua, anauliza afya, anasema haya, anamrudishia mdogo wangu anayeishi naye. Dakika moja, imekwisha. Kwa hiyo mdogo wangu alipomnunulia simu ya kupangusa, na muuza simu akamfungulia na barua pepe hapohapo dukani, nikaona njia. Nikaanza kumwandikia kila Jumatano.

Barua zote zilianza na shikamoo. Nilimweleza bei ya alizeti, upepo ulivyong'oa bati la jirani, nilivyogombana na mwenye nyumba kuhusu mti wa mpapai, mtu wa Mitundu niliyekutana naye stendi na alivyonenepa. Hakuwahi kujibu kwa maandishi. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia. Mzee anasubiri alasiri, anatoa kiti nje ya jiko, anavaa miwani, anafungua simu. Akifika kwenye shikamoo anaitikia kwa sauti, "Marahaba," kisha ndiyo anaendelea kusoma. Mtu akipita akimsemesha anamnyamazisha kwa mkono. Nilicheka sana siku niliposikia hayo, nikaona raha ambayo sijui hata niiweke wapi.

Mwenzangu wa ghalani alisoma moja juu ya bega langu akaomba nimtumie na yeye. Akamwambia dada yake aliyeko Mwanza. Baada ya muda nikawa nawaandikia watu wa Singida walioko mbali, waliotaka kujua kama mvua imenyesha, vitunguu vimefikia wapi, ziwa limejaa au limepungua. Shikamoo ya juu niliiacha palepale kwa sababu baba alikuwa bado anasoma, na wale wengine wakaizoea. Vijana wa chuo walinitania kwamba nawasalimia vizuri kuliko wajukuu wao ambao hawajazaliwa.

Kisha nikataka orodha ikue. Nilienda mnadani na daftari, nikawa nawaomba watu barua pepe zao katikati ya mbuzi na mitumba. "Barua pepe yako ni ipi?" "Ipo kwenye simu." "Inaandikwaje?" "Aliyeniuzia ndiye anajua." Mzee mmoja alinisomea namba ya kadi yake ya mpiga kura, taratibu, akisubiri niandike kila tarakimu, nami nikaandika zote kwa sababu sikuwa na uso wa kumkatisha. Mama mmoja muuza kuku alinipa anwani ya mpwa wake aliyeko Dar es Salaam, akasema huyo akiipata atampigia kumwambia. Jioni nilirudi nyumbani kwangu Unyambwa na anwani kumi na tatu, na nusu yake hazikufika popote. Lakini nilijiona mjanja.

Baadaye nilihudhuria mafunzo. Mwalimu wetu, mama mmoja mchangamfu aliyekuja na kompyuta mbili, alitufundisha programu ya kutuma barua kwa watu wengi kwa mpigo mmoja. Alitufunulia dashibodi: nani amefungua, saa ngapi, amebofya nini, nani amejiondoa. Alisema kuandika bila kutazama namba ni sawa na kuuza dukani umefumba macho. Nilimwamini, na hata leo sisemi kwamba alidanganya. Ila mimi nina tabia moja mbaya. Nikipewa kitu cha kupima, nasahau nilichokuwa nakipima.

Nikawa naamka na namba, nalala na namba. Nilifupisha barua, maana zile ndefu watu waliziacha katikati. Habari za mwenye nyumba na mpapai nikazitoa, kwa kuwa hazikubofywa. Shikamoo nayo ikatoka, na mahali pake nikaweka kichwa cha habari chenye maneno ya kuvuta macho. Wasomaji wakaongezeka kweli, sitakataa. Muuza mbegu mmoja akanifuata, akataka tangazo lake likae humo kila wiki, kwa sharti kwamba nimwonyeshe orodha ya watu wanaofungua, wala si majina yaliyolala. Ndipo nikakumbuka somo la mafunzoni la kusafisha orodha: kabla ya kuwafuta waliolala, unawatumia barua ya mwisho ya kuwauliza.

Barua hiyo niliiandika kwa kufuata mfano tuliopewa. Ilisema, "Tumeona kwamba hujafungua barua zetu kwa muda mrefu. Je, bado ungependa kusikia kutoka kwetu? Kama ndiyo, bonyeza hapa." Hayo maneno ya mwisho yalikuwa ya bluu. Asiyebonyeza hatumiwi tena kitu, na wiki mbili zikipita anafutwa. Niliituma, zikapita wiki mbili, ikafika ile Jumanne ya chai.

Sasa niseme nilichokuwa nimesahau. Kama mwaka mmoja nyuma, matapeli walikuwa wameiteka simu ya mzee mwenzake baba, mtu wanayekaa naye benchi moja kanisani, wakaitumia kumtumia baba ujumbe wenye maandishi ya bluu. Akabonyeza. Ilibidi mdogo wangu ampeleke mjini Itigi ili simu itengenezwe upya. Nilipata hasira, nikampigia, na nikamsemesha baba yangu kama mtoto. Nilimwambia, "Baba, kuanzia leo usibonyeze kitu chochote cha bluu. Hata kikiwa na jina langu. Mimi nikikuhitaji nitakupigia." Akasema sawa. Mzee wangu akishasema sawa, ni sawa.

Na kile cha kutofungua, nacho kina maelezo yake, ambayo niliyajua kwa kuwa yalikuwemo kwenye mafunzo, niliyaandika mwenyewe kwenye daftari. Programu haimwoni mtu anaposoma. Inaweka kijipicha kisichoonekana ndani ya barua, na kijipicha kikipakuliwa ndipo inahesabu kwamba barua imefunguliwa. Baba alikuwa amezimiwa picha zote na mdogo wangu ili bando lisiishe. Kwa hiyo alisoma kila Jumatano nje ya jiko, mstari kwa mstari, na upande wangu ikawa inasoma sifuri. Ile "Marahaba" yake haikuwa na mahali pa kuingia.

Niliendelea kupiga simu Mitundu kama kawaida. Miezi minane, tisa. Siku moja, baada ya mvua na afya, hakusema haya. Alisema, "Siku hizi una kazi nyingi, mama." Baba alikuwa akiniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikamjibu, "Nyingi sana, baba," tena kwa majivuno, nikidhani ananisifu. Akasema haya, akarudisha simu.

Alipougua, miguu ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa fupi. Mdogo wangu alimleta hospitali mjini, wakamlaza siku kumi na moja. Daktari alituita wawili tukiwa kwenye korido, akatuambia kwa upole kwamba moyo umechoka na dawa zina mwisho wake, tukae naye tu. Tukampeleka kwangu Unyambwa. Tulimpa chumba chenye dirisha linalotazama alizeti za jirani, na mdogo wangu akabaki kumhudumia.

Siku ya tatu tulikuwa jikoni mimi na mdogo wangu tukichambua mlenda. Akaniuliza bila kuinua macho, "Dada, baba alikukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea kitu, swali gani hilo.

"Mbona ulimwandikia kwamba hutaki kumwandikia tena?"

Nilimbishia. Nikamwambia labda ameota. Hakubishana nami, alinawa mikono, akaenda chumbani akaleta simu ya baba. Barua zangu za zamani zilikuwemo zote, hakufuta hata moja. Na juu yake kabisa, ya mwisho, ilikuwa ile. Tumeona kwamba hujafungua barua zetu. Nilikuwa naisoma kwa mara ya kwanza kama mtu aliyetumiwa.

"Alinikataza kukuuliza," mdogo wangu akasema. "Alisema mtu mzima hamwulizi mtoto wake kwa nini hamsalimii."

Naijua kanuni hiyo, nimelelewa nayo. Mdogo ndiye anayeanza. Mkubwa anaweza kukaa na kiu ya salamu mpaka jua lizame, hatatangulia. Angekuwa mtu wa kupiga simu na kufoka, jambo hili lingekwisha ndani ya wiki moja. Alikaa nalo miezi tisa nje ya jiko, na kiti chake, na miwani yake.

Tangu dakika ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: baba asife akiamini kwamba nilimkata.

Niliingia chumbani na kompyuta. Nasema hili kwa aibu. Badala ya kwenda mikono mitupu nikapiga magoti kando ya kitanda, nilikwenda na ushahidi. Nilimwonyesha dashibodi. Nilimweleza kijipicha, bando, kisanduku cha tiki, orodha ya waliolala. Nilieleza vizuri kweli, mwalimu wangu angefurahi. Baba alisikiliza akiwa ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi ilikuwa inakata.

"Kwa hiyo hiyo mashine ilikuambia sisomi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ukaiamini."

"Niliiamini."

Alipumzika kwanza. Kuongea kulikuwa kunamchosha. "Ulisema nisibonyeze bluu hata ikiwa na jina lako. Ulisema ukinihitaji utapiga simu." Nikatikisa kichwa kukubali. "Basi nikasubiri upige. Ukapiga. Ukaniuliza habari za mvua."

Nililia pale. Yeye hakulia, wala hakunikaripia. Aliweka mkono juu ya kichwa changu kwa muda, mkono uliovimba, mzito, kisha akaomba maji. Nilimpa, akanywa mafunda mawili. Nikajiuliza kama huo mkono ulikuwa msamaha, au ulikuwa tu wa baba kwa mtoto anayelia. Sikuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Kesho yake nilipata wazo la kumsomea barua zote alizokosa. Miezi tisa ya Jumatano. Nilivuta kiti, nikaanza ya kwanza. Bei ya alizeti, njia tatu za kuhifadhi vitunguu, tangazo la mbegu. Ya pili. Ya tatu. Kufika ya tano akanyanyua kidole.

"Nzuri," akasema. "Unaandika vizuri. Lakini hizi hukuniandikia mimi."

"Nimewaandikia wote, baba, na wewe ukiwemo."

"Hapana. Mimi simo." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia chai haina sukari. "Wewe pia humo. Sijui hata unaishije."

Nilifunga kompyuta. Alikuwa amesema kweli. Katika barua zote hizo hamkuwa na mwenye nyumba, hamkuwa na mpapai, hamkuwa na mimi.

"Niandikie moja," akasema. "Ya kwangu."

"Niandike nini?"

"Unavyoishi."

Nikamwahidi kwamba siku ileile ataipata. Ilikuwa Jumatatu. Ungedhani ni kazi rahisi, mtu anayelipwa kwa kuandika, baba yake yuko chumba cha pili. Nilikaa mezani sebuleni, nikaandika shikamoo baba, nikakwama. Nilikuwa nimesahau kuandika kwa mtu mmoja. Kila sentensi iliyokuja ilikuja na kichwa cha habari. Niliandika kwamba niko salama, nikafuta, kwa kuwa si kweli. Niliandika kwamba mwaka jana nilikaa mwezi mzima bila kulala vizuri na sikumwambia mtu, nikafuta na hiyo, nikaona nitamtia huzuni. Jumatatu ikapita. Jumanne asubuhi aliniuliza kwa macho tu, nikamwambia, "Baba, kesho." Jumanne jioni nilikuwa na mistari minne. Ilikuwa mistari mizuri. Inaanza na mti wa mpapai, kwamba mwenye nyumba aliukata mwishowe, na nilivyosimama dirishani nikilia kwa ajili ya mti usio wangu.

Jumatano nilikuwa na jarida la kutuma. Programu ilikuwa imenionyesha kwamba wasomaji wangu wengi hufungua saa nne asubuhi, kwa hiyo saa nne kasorobo nilikuwa mezani nikipitia kichwa cha habari. Barua ya baba ilikuwa wazi upande wa pili wa kioo, mistari yake minne. Nilijiambia nikishawatumia hawa, ninayo siku nzima ya kwake. Muuza mbegu alikuwa ananisubiri, orodha ilikuwa imefikia ukubwa ambao sikuwahi kuuota, na baba alikuwa yupo tu hapo, hatua kumi, mlango umerudishwa nusu.

Mdogo wangu aliita, "Dada, njoo."

Nilimsikia. Sauti ilikuwa ya kawaida, ile ya kuhitaji mtu wa kusaidia kumgeuza mgonjwa. Nilikuwa nimeona neno moja kwenye kichwa cha habari limekaa vibaya, nikalibadilisha, nikalisoma tena. Akaita mara ya pili. Safari hii hakusema njoo, alisema dada tu. Hapo nilijua. Na bado nilibonyeza tuma, nikangoja mpaka maandishi yakatokea kwamba barua imekwenda kwa wote. Ndipo nikainuka.

Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimfumba baba macho kwa kiganja. Mito ilikuwa bado mitatu. Akaniangalia, akasema, "Alikuwa anakuulizia. Nilikuita, hukusikia."

Sikumsahihisha. Tulimrudisha Mitundu, tukamzika karibu na mizinga yake, na wasomaji kutoka kila kona walinitumia pole nyingi kiasi kwamba nilishindwa kuzijibu. Mdogo wangu huwasimulia wageni habari za asubuhi ile, na kila akifika hapo hunitetea. Husema dada alikuwa kazini, mlango ulikuwa umerudishwa, hakusikia. Mimi huwa nainama, nakusanya vikombe, napeleka jikoni.